Musumari wa Papa Bosenge

Citoyen Commissaire wa Zone ya Mangobo, Citoyen Inspekta wa masomo, wajumbe wa Chama, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mlioahidi kutulia na ninaona ahadi imeanza kuchoka: jambo kwenu wote.

Tumekutana kumuaga papa Bosenge, mlinzi wa masomo yetu, shule hii, kwa miaka kumi na tisa, ambaye Jumanne anapanda mashua kurudi kwao Basoko. Siku kama hii mstaafu husifiwa mpaka mke wake anaanza kujiuliza ni nani huyo anayesemwa. Mama Hélène, usiwe na wasiwasi. Mzee ni yule yule, na bado anakoroma.

Tazameni baraza hii. Chungu kile chekundu chenye maua marefu kilikuwa kifuniko cha motere, injini ya lori. Vile vitatu vya mviringo ni jante za magurudumu. Kile kirefu ni pipa la mafuta lililokatwa katikati, na hicho kidogo karibu na kiti cha Citoyen Inspekta, naomba asiulize kilikuwa nini. Ni nani kati yetu angeona bustani katika vyuma hivyo chakavu? Mimi sikuiona. Mimi, directrice wenu, mkuu wa shule, niliona takataka tu, nikaamuru zitupwe mtoni.

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Barua ilitoka juu ikisema kwamba Jumamosi, wakati wa salongo, ile kazi ya usafi ya lazima, wakubwa watakagua viwanja vya masomo, na mwenye kiwanja kichafu atahamishiwa mbali. Kwangu mimi, huko mbali kulikuwa na jina: Opala. Na mume wangu alikuwa amelazwa hospitalini hapa Kisangani, wiki ya sita, na chakula chake cha mchana nilimpelekea mimi. Niliogopa sana. Nami nikiogopa hupiga kelele. Walimu ni mashahidi. Papa Bosenge, ambaye ujanani aligonga mabati ya mashua kule bandarini, alisikiliza kelele zote mpaka zikaisha, kisha akaomba siku nne, patasi, nyundo na rangi yoyote iliyobaki.

Siku ya tatu vyungu vilikuwa tayari, ila vitobo vya chini vya kutolea maji. Hapo nikaingilia kati. Baraza ilikuwa imesuguliwa. Je, wakubwa wakanyage matope? Nikakataza vitobo. Papa akanitazama kwa upole, akasema: «Mama directrice, chungu ya maua yenye haina kitobo, ile ni birika.» Nikamjibu: «Papa, bon, mimi ndiye mwenye kuongoza hapa.»

Mnaijua mvua ya Kisangani. Ilinyesha Alhamisi, ikanyesha Ijumaa. Jumamosi asubuhi maua yangu yalikuwa yanaogelea, na gari la wakubwa tulilisikia kwenye kona. Mwalimu Feruzi akakimbia getini na wanafunzi, akaurudia wimbo wa kukaribisha wageni mara nne, na ubeti mmoja nadhani aliutunga palepale. Papa Bosenge akajilaza chali chini ya vyungu, vilivyosimama juu ya miguu ya chuma ukingoni mwa baraza, na musumari mmoja mrefu na nyundo, akatoboa kimoja baada ya kingine, maji machafu yakimwingia shingoni. Alipotoboa cha mwisho, wageni walikuwa wanapanda ngazi.

Mkubwa aliyeongoza msafara, wala si wewe, Citoyen Commissaire, wewe ulikuwa hujafika kwetu, akasimama. Akaangalia maji yanayotiririka kwa mistari chini ya baraza. Akatikisa kichwa, akamwambia karani wake: «Andika. Hapa hata umwagiliaji wa kisasa iko.»

Ndiyo, chekeni. Mimi sikucheka. Wiki mbili baadaye ikaja barua yenye mhuri, ya kumpongeza directrice kwa akili na uongozi wake. Sikwenda Opala. Mume wangu alipona. Yule pale, anajifanya hanijui. Nayo barua nikaitundika ofisini, na aliyenigongea musumari ukutani ni papa Bosenge, kwa musumari ule ule wa Jumamosi. Nami kwa miaka sita sikusema neno, kila mgeni aliposoma na kunisifu nikamshukuru. Naona aibu kwa hilo, na ninalisema mbele ya wakubwa wangu, wafanye watakavyoona vema.

Papa Bosenge, njoo hapa mbele. Barua hii nimeitoa ukutani leo asubuhi. Jina langu nimelifuta kwa mstari mmoja, nimeandika lako juu yake, na walimu wote wametia sahihi. Uende nayo Basoko. Musumari naomba uniachie pale ukutani, mtupu, niuone kila ninapotaka kupiga kelele.

Wageni wetu, ninawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Na wewe, papa, unisamehe, maana siku ile mimi sikukusikiliza.