Pipa Bado Linazunguka

Kokoto alimdanganya mama aliyefiwa, tena mchana kweupe, mbele za watu, kikombe cha kahawa mkononi. Heri tuanze na hilo, maana kosa lililofichwa huoza, na Mungu hana haja ya kuonyeshwa lilipo. Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja tu. Alisema, “Akiki.” Mengine yote yaliyofuata yalikuwa kazi ya kulishikilia neno hilo lisianguke.

Kijiwe chao kilikuwa ubao wa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la saruji lililofungwa siku nyingi. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, na aliyechelewa ndiye aliyekalia upande huo. Pembeni muuza kahawa, waliyemwita Shangazi, aliweka jiko lake na birika. Watu wa kudumu walikuwa watatu. Kwanza Bawaba, seremala aliyestaafu, aliyefunga kila ubishi kwa methali, iingie isiingie. Wa pili Kipaza, mnadi wa mitumba, ambaye hata akikuamkia ungedhani anakuuzia shati. Wa tatu ndiye Kokoto, fundi wa mashine za kufulia, mtu wa maneno machache. Jina alilipata kwa sababu hapiti penye lundo la kokoto bila kuinama. Huokota jiwe, hulilamba aione rangi yake, hulitia mfukoni. Mkewe alishachoka kushona mifuko.

Nyuma ya nyumba yake alikuwa na pipa. Alilitengeneza kwa ndoo nene ya rangi, akailaza juu ya vyuma viwili vilivyovikwa mpira, akaizungusha kwa mota ya mashine mbovu ya kufulia. Ndani hutia mawe, maji, na unga wa kusagia anaoomba kwa mafundi wa sakafu. Pipa huzunguka usiku na mchana, wiki baada ya wiki, kwanza na unga wa chengachenga, kisha mwembamba, mwisho ule laini kama poda, hadi jiwe lililokuwa likikanyagwa na kila mtu litoke linang'aa kama limetiwa mafuta. Hakuyauza. Aliyapanga dirishani, basi.

Pipa lilikaa kando ya ukuta wa jirani, na upande wa pili wa ukuta huo alilala Mama Sindano, mshonaji. Binti yake, kitinda mimba, aliondoka kwa homa iliyoanza kama mchezo. Aliacha nguo zake, viatu vyake, na jiwe. Jiwe lilikuwa la kijani lenye mistari myeupe, mviringo ndani ya mviringo, kama kitunguu kilichokatwa. Likilowa lilikuwa na uhai, likikauka lilififia, kwa hiyo mtoto alikuwa akiliweka ndani ya bilauri ya maji kando ya kitanda. Baada ya mazishi mama aliendelea kuongeza maji kila asubuhi. Siku moja akasahau. Akakuta bilauri imekauka na jiwe limepauka, akalia upya kama siku ile ya kwanza. Ndipo alipolifunga kwenye kitambaa, akalipeleka kijiweni.

Alimwambia Kokoto anataka ling'ae bila maji. Amechoka kulinywesha, alisema, na anaogopa kusahau tena.

Kipaza akauliza ni jiwe gani hilo. Macho yote yakamgeukia Kokoto, na Kokoto akaona raha ya kuulizwa, maana ni mara chache mtu humwuliza kitu kisichohusu mashine ya kufulia. Hakuligeuza hata mara mbili. Alisema akiki, jiwe gumu kuliko msumari, litatoka linang'aa mpaka Kiyama. Mama Sindano akamshukuru kwa mikono miwili.

Alipofika nyumbani akafanya alichopaswa kufanya kabla ya kufungua mdomo. Kanuni ilikuwa yake mwenyewe: jiwe usilolijua, likwaruze kwa msumari. Kwenye jiwe gumu msumari huacha alama ya kijivu, na kidole chenye mate huifuta. Kwenye jiwe laini huacha mfereji. Akalikwaruza chini, pasipoonekana. Akapitisha kidole. Mstari ukabaki. Akatia mate zaidi, akafuta tena, mstari ukabaki palepale. Halikuwa akiki. Lilikuwa jamii ya chokaa, jiwe zuri la uso, la kusuguliwa kwa mkono na kitambaa, peke yake, taratibu. Kulitia pipani na magumu ni kumtupa mtoto katikati ya wanaopigana.

Hayo aliyajua. Lakini aliwaza kurudi kijiweni kesho yake, na Kipaza akilinadi kosa lake barabara nzima. Akajiambia mkwaruzo si mrefu. Akasema bismillahi juu ya jambo alilojua ni baya, akalitia.

Alipofungua kuosha unga wa kwanza, mawe magumu yalikuwepo yote. La kijani halikuwepo. Kulikuwa na tope zito, jeupe kuliko kawaida. Alilichuja kwa chekecheo la unga, akalipapasa kwa vidole kama mtu anayetafuta pete, asipate hata punje. Wakati mikono ingali topeni, sauti ya Mama Sindano ikapita juu ya ukuta, ikiuliza linaendeleaje. Kokoto akasema linaendelea, dada. Kisha akarudisha mawe yake pipani, akatia maji, akafunga, akawasha.

Tangu hapo pipa halikuzimwa. Na kila alipopiga magoti kusali, alipofika mahali pa kuomba msamaha aliparuka, akaenda kuombea wagonjwa.

Sasa jioni moja, kahawa ikiwa ya moto bado, Kipaza akaanza.

— Kokoto, hivi lile jiwe unalisaga au unalilea?

Shangazi akacheka ndani ya kanga yake. Kokoto akasema akiki haina haraka.

— Mwacheni, alisema Bawaba. Bandu bandu huisha gogo. Litaisha tu.

Mzee alikusudia kumtetea. Kokoto alimeza kahawa vibaya ikamchoma koo, akasingizia tangawizi.

Kipaza akasema yeye anayo sababu. Mawe yana uhai. Mjomba wake aliokota kijiwe kama tembe ya dawa, akakisahau nyuma ya mlango. Leo ndicho kinachozuia mlango usijifunge. Kwa hiyo Kokoto anasaga huku, jiwe linakua kule, na ngoma ni droo.

— Jiwe halikui, Bawaba akamkata. Mlango ndio umepungua. Huo umeliwa na mchwa, nenda kauangalie.

— Wewe nawe kila kitu mchwa.

— Nimeishi nao kuliko nilivyoishi na mke wangu, nawajua.

Bawaba akatoa ya kwake. Lile ni jiwe lililoanguka kutoka juu, na kitu cha juu hakitii mashine ya huku chini. Mistari ile ni alama za kuungua. Kila mbingu liliyopita ilililamba mara moja. Mbingu saba, mistari saba.

— Uliihesabu?

— Mtu mzima hahesabu, hukadiria.

— Basi ulikadiria mbingu.

Wakacheka, hata Kokoto akalazimisha meno. Alikuwa akiangalia mashapo chini ya kikombe chake, akiomba moyoni mazungumzo yahamie kwenye mpira au mvua. Lakini Shangazi, ambaye kwa kawaida haingii ubishi wa wanaume, aliweka birika chini akasema kwa sauti ndogo kwamba wote hawajui kitu. Jiwe lile lilizoea mkono mmoja. Mkono huo ndio uliokuwa ukilipa maji. Sasa linasuguliwa na mtu baki, nalo limekataa kung'aa, linaomboleza.

Hapo kijiwe kikapoa kidogo. Kipaza hakupenda ukimya, alikuwa kama redio, ukiizima anadhani umeme umekatika.

— Mimi nawaambia, jiwe hilo limeshawameza wenzake. Tukifungua pipa tutalikuta peke yake, limekaa kama kichwa cha mtu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo methali imekujaje hapa? aliuliza Bawaba kwa wivu.

— Imekuja kwa miguu. Twendeni tukafungue, tuone nani mkweli.

Akainuka kweli. Kokoto akamshika shati. Akasema pipa halikatizwi katikati ya unga, litaharibika lote. Alisema hivyo kwa ukali ambao hawakuuzoea kwake, na Kipaza akakaa polepole, upande wa kitasa.

Kokoto akaliachia shati. Alijua amedanganya tena, na kwamba safari hii hakuhitaji hata kufikiri. Hilo ndilo lililomtisha. Uongo wa kwanza ulimsumbua usiku kucha. Huu ulitoka kama kikohozi.

Ndipo Mama Sindano akatokea kwenye kona, utepe wa kupimia shingoni, nyuzi za rangi zimemganda kwenye gauni. Hakuwa mtu wa kijiwe. Wakasogea wote, wakamkaribisha akae, Shangazi akamfutia kikombe. Alisalimia mmoja mmoja, kahawa akaikataa, kukaa hakukaa.

Kipaza, kwa wema wake wa kelele, akamwambia wasiwasi aondoe, jiwe lake si jiwe la mchezo, walikuwa wakilizungumza sasa hivi, ni la mbinguni, au linakua, au linaomboleza, bado hawajapatana. Mama Sindano alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mteja asiyejua kipimo chake. Kisha akamgeukia Kokoto.

— Kaka, mimi nimekaa na cherehani tangu sijaolewa. Sindano ikikatika huwa nasikia kabla sijaona. Pipa lako zamani lilikuwa na sauti nzito, kama mtu anayekanda udongo. Siku hizi linagonga tupu, linakwaruza. Ndani kuna nini?

Swali lilikuwa jepesi hivyo. Bawaba alitafuta methali, ukaona kabisa macho yake yanapekua, asiipate. Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa mashapo matupu, na hakuna aliyelalamika.

Kokoto akasimama, maana jambo lile hakuweza kulisema ameketi.

— Mawe yangu, dada. La binti yako halimo.

— Liko wapi?

— Limesagika. Lilikuwa laini. Si akiki, nilisema tu. Nilipolikwaruza kwa msumari nilijua, nikaona aibu kurudi hapa kusema nimekosea. Nikalitia huku najua.

— Lini limekwisha?

— Siku ile uliponiuliza ukutani.

Mama Sindano alishika ncha ya utepe wake, akaikunja kidoleni, akaikunjua.

— Kwa hiyo mimi nilipokuwa nikilisikia, halikuwepo.

— Halikuwepo.

— Nilikuwa naweka kiganja ukutani, alisema, kama anawaeleza watu wengine, si wao. Nikihisi ukuta unatetemeka, namtakia usiku mwema, ndipo nalala.

Kokoto alitamani atukanwe. Alisubiri matusi kama mtu anavyosubiri mvua iliyokwisha kuweka wingu, hayakuja. Akasema tope lake amelitunza kwenye beseni, hakulimwaga, hakuweza.

— La kwake peke yake unaweza kulitenga?

— Siwezi. Limechanganyika na la mengine.

Aliinamisha kichwa. Kipaza akasema pole, kwa sauti ambayo kijiwe hakikujua kwamba anayo. Bawaba akakohoa, akaanza kusema maji yakishamwagika, na Shangazi akamwekea mkono begani.

— Leo usiseme, mzee.

Kokoto akasema atatembea atafute jingine la kijani, la mistari ileile, alisugue kwa mkono mwaka mzima ikibidi. Hata yeye alisikia maneno yake yanavyopwaya. Mama Sindano akakaa, hatimaye, kwenye nafasi aliyoiacha Kokoto, akaweka mikono juu ya magoti yake kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Shangazi akasogeza jiko karibu naye ingawa hapakuwa na baridi.

Kokoto alibaki amesimama mbele yake, mikono haijui pa kwenda.

— Nisamehe, dada.

— Hilo tutalizungumza siku nyingine, alisema Mama Sindano bila kumtazama. Sasa nenda kaizime mashine, kaka. Mimi nitakaa hapa mpaka uje uniambie imenyamaza.