Darasa la Jioni Lililokosa Wanafunzi

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa kinyozi, upande wa kivuli, na kila jioni kazi zikilegea lilijaa watu watatu na birika la kahawa. Kinyozi mwenyewe walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Dobi wa mlango wa pili walimwita Mkunjo, maana hata akikaa, suruali yake ilibaki na mstari ulionyooka kama rula. Wa tatu alikuwa Spana, fundi magari, bonge la mtu, mwenye mikono ambayo sabuni ilishaikatia tamaa. Jioni ile habari haikuwa mpira. Shemeji yake Spana, mdogo wa mkewe, alikuwa mwalimu wa sekondari, na alijitolea kuwafundisha watu wazima walioiacha shule njiani, mpaka wafanye mtihani wa kidato cha nne na kupata cheti. Mkuu wa shule alikubali kumpa chumba kila jioni, ila alitaka kuuona mpango kesho yake asubuhi. Vinginevyo chumba wangepewa wanakwaya, ambao nao walikuwa wanakimezea mate. Basi mwalimu akamwachia Spana kazi hiyo. “Shemeji, wewe unawajua watu. Niandalie mpango, nitaupitia jioni nikitoka shule.”

Spana aliipokea kazi kwa mikono miwili. Mtaa mzima aliutangazia kwamba darasa ni la vijana. Alichokuwa hajamwambia mtu ni kwamba yeye mwenyewe aliishia kidato cha pili, na kwamba hivi karibuni kampuni ya mabasi ilikuwa imempa usimamizi wa karakana kijana aliyefundishwa kufungua injini na Spana huyo huyo. Kijana alikuwa na cheti, basi.

— Tuanze na muda, alisema Spana. Vijana watoke kazini, wanawe uso, jioni waingie darasani.

— Jioni hapana, alisema Mkunjo. Kichwa cha mtu mzima jioni kimeshachemka. Ukikimwagia hesabu kinatoa mvuke tu. Darasa liwe alfajiri.

— Alfajiri watu wana usingizi.

— Hapo ndipo penyewe. Mtu hana nguvu za kubisha. Elimu inaingia taratibu, akizinduka tayari anajua jiografia.

Redio aliweka kikombe chini. Hapo wenzake wakajua sasa kazi imeanza.

— Nyinyi mnahangaika na saa, tatizo ni masikio. Mimi nayashika kila siku, nayajua. Sikio la mtu mzima linachagua. Mkewe akimwambia kwa sauti rudi na mkate, halisikii. Majirani wakinong'ona ukutani, linasikia mpaka nukta. Kwa hiyo historia ifundishwe kwa kunong'ona.

— Nani anong'one?

— Mwalimu. Anapita kwenye kila dawati, anainama: usiseme umeisikia kwangu, lakini yule mfalme alipinduliwa na mjomba wake. Nani atasahau hapo?

Spana alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mkunjo akampigapiga mgongoni, huku akichunga asiguse oili.

— Na sare je? aliuliza Mkunjo.

— Watu wazima hawavai sare.

— Bila sare hiyo si shule, ni mkutano. Shati jeupe, kaptula ya bluu. Pasi nitapiga mimi.

Macho ya wote wawili yakamgeukia Spana, yakampima kiuno, yakashuka mpaka magotini.

— Mnanitazama nini? Mimi ni mwandaaji.

— Hata mimi si mwanafunzi, alisema Redio haraka. Mimi naomba cheo cha nidhamu. Mchelewaji atasimama mbele ya darasa aeleze, mkewe akiwepo.

— Spana mwenyekiti, mimi makamu wake, alisema Mkunjo. Na mkaguzi wa kola.

Vyeo vikagawanywa mpaka vikaanza kuwa haba. Palipatikana msimamizi wa kengele, mlinzi wa chaki, hata msemaji wa darasa kwa mambo ya nje. Ndipo Redio akakumbuka jambo.

— Siku ya wazazi je? Shule yoyote ina siku ya wazazi. Mtu ana miaka hamsini, nani aje kusikiliza maendeleo yake?

— Watoto wake, alisema Mkunjo. Mtoto anakaa mbele ya mwalimu, baba amesimama nyuma kakunja mikono. Mwalimu anasema, baba yako anaongea sana darasani. Mtoto anamgeukia: baba, tutaonana nyumbani.

Redio aliangua kicheko. Spana naye alicheka, ila kidogo tu. Binti yake alikuwa kidato cha tatu. Jioni alizoea kumjia na daftari la hesabu, naye Spana kila mara alijibu, “Mikono yangu ina oili mwanangu, nitakuchafulia, muulize mama.” Siku moja alimjibu hivyo akiwa ametoka kuoga. Binti aliitazama ile mikono, akasema haya baba, akaondoka kwa adabu. Adabu ile ilimuuma kuliko kama angemcheka.

Wakiwa bado kwenye siku ya wazazi, alivuka barabara mama mmoja mlinzi, wa duka la dawa la upande wa pili. Kila siku walimwona amesimama mlangoni pake, ila kijiweni hakuwahi kufika. Alikuwa bado na sare ya kazi, kofia ameishika mkononi.

— Habari za jioni, kaka zangu.

— Nzuri dada, karibu kahawa.

— Asante. Nasikia hapa ndipo panapopangwa lile darasa la watu wazima.

— Umefika penyewe, alisema Redio. Huyu mwenyekiti, huyu makamu, mimi nidhamu.

— Mimi nataka kusoma, alisema yule mama. Niliacha kidato cha kwanza. Lakini naona haya kuwa peke yangu. Nitakaa na nani?

Mkunjo alitazama mstari wa suruali yake. Redio aliinua birika, akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Katika vyeo vyote walivyogawana, hakuna aliyekuwa amechukua dawati.

Spana alisogeza kikombe pembeni. Aliifuta mikono yake kwenye suruali, ingawa ilikuwa mikavu.

— Na mimi, alisema.

— Lakini wewe ni mwenyekiti, kaka.

— Niliishia kidato cha pili, dada. Utakaa na mimi.

Hapo Mkunjo akakohoa.

— Mimi sikufika hata huko. Nyuma yenu pana nafasi?

— Basi nani nimsimamie nidhamu? alilalamika Redio. Sogeeni huko.

Shemeji alipotokea, mkoba wa vitabu begani, aliwakuta wanne wamebanana kwenye benchi la watatu, wanacheka, mama mlinzi kashika kikombe.

— Mpango uko wapi, shemeji?

— Saa hatujaafikiana, alisema Spana. Masomo nayo tumebishana tu. Lakini wanafunzi ni sisi hapa.

Mwalimu aliwapitisha macho mmoja mmoja, akaishia kwa shemeji yake, akatabasamu polepole.

— Na wewe uliishia wapi?

— Kwenye hesabu. Mwalimu alikuwa anaeleza kwa nini namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilika, ikiwa ya kujumlisha inakuwa ya kutoa. Baba alikuwa ameumia, nikaitwa mlangoni, sikurudi tena. Sababu sikuisikia.

Mwalimu alishusha mkoba, akatafuta chaki, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya benchi.

— Haivuki, shemeji, alisema. Tunaitoa pande zote mbili. Njoo uone.