Want, Need na Kikapu Changu

Mimi hukaanga viazi karai mlangoni kwangu, na kijiwe cha kahawa kiko hapo mbele, hatua tatu tu. Sisikilizi, maneno huja yenyewe. Jana alasiri Jamaldin fundi saa alikuja ameshika simu, uso umemshuka. Siku ya tisa hiyo mkewe, Mahfudha, ameondoka. Alimuuliza, "Bado wanihitaji?" naye bwana akaendelea kusoma habari za mpira. Mtaa mzima wasema mke yuko Majengo kwa dadake.

— Namwandikia kwa Kizungu, Jamaldin akasema. Nitie *I want you* au *I need you*?

— *Want*, akasema Sindano, fundi cherehani. Mke apenda kutakwa.

— *Want* ni ya halwa, akasema Musyoka, mstaafu wa reli, tunayemwita Kamusi. Ukiikosa, walala vizuri tu. *Need* ni maji. Mfereji ukikauka utalala wewe?

— Sasa mke ni mfereji? Hebu sikiliza. Shati laweza ku-*need* kufuliwa, lakini haliwezi ku-*want* kitu. Hiyo *need* ni ya mashati.

— Na *want* ni ya polisi. Hujaona picha za majambazi ukutani? *Wanted*. Akiisoma hiyo, atahama Majengo aende mbali zaidi.

Jamaldin akafuta alichoandika.

— Na kwa Kiswahili je? nikauliza, nikigeuza viazi.

— Kwa Kiswahili naona haya, Bi Swafia. Kizungu ni kama kusemea nyuma ya pazia.

Hapo kikapu changu kikashuka kwa kamba kutoka dirisha langu la juu, ndani mna kikombe kitupu. Beryl, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, alikuwa amesimama akingoja viazi vyake.

— Bi Swafia, si uliniambia waishi peke yako?

— Naishi peke yangu.

— Basi huko juu kuna nani?

Kamusi akamtazama Sindano. Sindano akatazama kahawa yake. Mimi nikashughulika na moto.

Jamaldin akakichukua kile kikombe, akakijaza, akatia tangawizi nyingi bila kuuliza mtu, akakirudisha kikapuni. Simu akaitia mfukoni. Akainua uso.

— Mahfudha. Nyumba imenishinda.

Kikapu hakikuvutwa. Kilibaki kinaning'inia na kahawa yake. Kisha nikasikia ngazi zangu zikilia, moja moja, nami nikasogeza karai, apate pa kupita.