Mama Magdalena Njau na Neno la Kila Asubuhi

Tunayemlaza leo katika kihamba hiki, shamba la ukoo, kando ya mumewe na mwanawe, ni Mama Magdalena Mathew Njau, aliyezaliwa Mwika tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili wa Mzee Mathew Mtui na Mama Elisifa. Alibatizwa akiwa na wiki sita. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na migomba, na baba yake hakuruhusu mtu kuonja kitu asubuhi kabla Neno halijasomwa. Mama alikuwa akisema kwamba alijifunza kusoma haraka kuliko wenzake kwa sababu ya njaa. Zamu ya kusoma ikimwangukia dada yake Gladys, uji ulipoa.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapa hapa Mwika, akamaliza darasa la nane mwaka 1965. Alitamani uuguzi, lakini mama yake aliugua mwaka huo, ikambidi abaki nyumbani kumtunza hadi alipofariki.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana isiyo mbali na nyumbani, akadumu jikoni humo miaka thelathini na sita. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akasoma Neno la siku, kisha akaenda kuandika maneno machache ya alichosoma kwa chaki kwenye mlango wa jiko. Wanafunzi waliyasoma wakiwa kwenye foleni ya uji. Siku moja aliandika habari za mana. Binti mmoja mgeni, wa kidato cha kwanza, alimsogelea na bakuli lake.

"Shikamoo mama. Hiyo mana inagawiwa saa ngapi?"

"Marahaba. Asubuhi tu, mwanangu. Ukiilimbikiza inaoza."

Binti yule alipata uji vikombe viwili siku hiyo. Leo ni mama mtu mzima, na yuko hapa msibani.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na Ebenezeri Njau, mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache aliyeishia darasa la pili. Mungu aliwajalia watoto wanne: Filemon, Hellen, Priska na Yohana.

Hapa familia imekubaliana kusema ukweli, kwa kuwa Mama mwenyewe hakuwahi kuuficha.

Yohana, kitinda mimba wao, alikuwa mpagazi wa mlimani, akiwabebea watalii mizigo. Asubuhi ya tarehe 11 Agosti 2009, kabla hajaondoka, Mama alimsomea Neno la siku. Lilihusu malaika wanaomshika mtu mikononi asijikwae. Yohana alimaliza chai, akamwambia, "Mama, hilo ni langu kabisa," akaenda. Siku ya nne aliugua huko juu, mapafu yakajaa maji, na wenzake walimteremsha kwa machela akiwa ameshakata roho. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Baada ya maziko Mama aliichukua Biblia yake, akaifunga kwa kitenge, akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Mwinjilisti Kornel Kimaro alipokuja kumfariji, alimkaribisha, akamwandalia mtori wa ndizi, kisha akamwambia:

"Mwinjilisti, chakula nilichokula asubuhi ile kilinidanganya. Sili tena."

Mwinjilisti alikunywa mtori wake, akaomba kimya, akaondoka.

Kanisani aliendelea kwenda, kwa heshima ya mumewe, lakini hakufungua mdomo hata kwa wimbo. Ilikuwa hivyo miezi kumi na minne. Alikonda, akawa mtu wa kumenya ndizi na kutazama ukuta. Watoto walipopiga simu alijibu, "Tupo," basi.

Oktoba 2010 Mzee Ebenezeri alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alilifungua sanduku, akaitoa Biblia, na asubuhi akaketi mezani akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe, silabi moja baada ya nyingine, jasho likimtoka. Mama alimpa mgongo, akaendelea na kisu chake. Siku ya tatu, ama ya nne, mzee alikwama.

"Zi-si-zo... zi-si-zo-ko..."

"Zisizokoma," akasema Mama bila kugeuka. "Soma vizuri, baba Filemon. Unaliharibu Neno."

"Basi njoo usome wewe."

"Sisomi. Endelea, nitakuwa nakusahihisha."

Wakaenda hivyo hadi majira ya Krismasi, yeye akisahihisha kwa mgongo. Kisha asubuhi moja alivuta kiti. Hakurudi kuwa yule wa zamani, na tusimpambe. Alimwambia Priska, "Zamani nilikula kwa furaha. Sasa nakula kama mgonjwa, kijiko kwa kijiko, ili nisife." Juu ya kifo cha Yohana hakupata jibu, nasi hatutamtungia jibu leo kwa kuwa hawezi kutukatalia.

Mzee Ebenezeri alifariki tarehe 2 Februari 2017. Kisukari, ambacho Mama alikuwa nacho tangu 2012, kilimtwalia macho mwaka 2019, na mwaka 2023 alikatwa mguu wa kushoto hospitalini Moshi. Alipopoteza macho, Hellen, aishiye Dar es Salaam, alianza kumsomea kwa simu kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hellen alikuwa ameacha kusali kwa miaka mingi. Alisoma kwa ajili ya mama yake tu, akidhani amelificha hilo, mpaka siku moja Mama alipomwambia:

"Najua huamini unachosoma. Soma tu, mwanangu. Mpishi hata asipoonja, chakula kinaliwa."

Mwezi Mei mwaka huu wa 2025 figo zilishindwa. Hellen alipanda basi, akafika wodini, akamsomea kitandani siku tisa. Tarehe 27 Mei, asubuhi, Mama alisema kwa taabu, "Leo sisikii utamu wowote."

"Niache, mama?"

"Usiache."

Hellen aliendelea mpaka mwisho wa sura. Alipoinua macho alitambua kwamba sehemu ya mwisho, hajui kuanzia mstari upi, alikuwa ameisoma peke yake. Mama alikuwa na miaka sabini na sita.

Ameacha watoto watatu, Filemon, Hellen na Priska, wakwe wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Ameacha pia dada yake, Bibi Gladys, mwenye miaka themanini, aliyeketi hapo mbele na shuka la bluu. Kumbukumbu zimemtoka. Tangu asubuhi tumemwambia mara tatu ni nani yumo katika jeneza hili, na mara zote tatu amelia kama mtu anayeisikia habari kwa mara ya kwanza. Tunawaomba mnapopita kumsalimu msimwambie pole. Mwambieni shikamoo. Akiuliza Magdalena yuko wapi, mwambieni amelala, kwa kuwa hilo nalo ni kweli.

Bwana amlaze kwa amani, na amwamshe Yeye mwenyewe asubuhi ile.