Mashini Yenye Ilinyamaza

Bandugu, mimi ni ule fundi yenu wa hapa mujini, mutaa ya Saio, munanijua. Kila siku mu hii kikundi ya sala nakaa kwa mulango, nasikiliza ya bengine. Leo niko na yangu.

Kule karibu na Boga iko kijito yenye inapanda mbio wakati mvua inanyesha mu milima. Mama moja alikuwa analima kando yake. Maji ikianza kupanda anapiga filimbi, na batu bote benye kuwa chini banakimbia. Shirika moja ikanipa kazi: niweke mashini ya kupima ile maji, itume habari kwa telefone.

Shida ilikuwa kuchagua rezo, ule mutandao wa kutuma habari. Iko ya zamani, 2G, inafika mbali lakini inakula batri. Iko mupya, ya mashini ndogo-ndogo, haitumie moto mingi ya batri, batri moja inakaa myaka. Nikachagua mupya. Niliijaribu wapi? Hapa Saio, kwa meza yangu! Na siku ya kuiweka kule, telefone yangu ilionyesha rezo muzuri, nikaridhika. Sikujiuliza kama rezo ya telefone na ya mashini ni moja. Tena, juu ya kuchunga batri, niliiambia ikae kimya, iseme tu kama maji inapanda.

Halafu nikamwambia ule mama: "Mama, pumuzika. Mashini itachunga." Aliniangalia, akatia filimbi mufukoni.

Ile rezo mupya haikufikaka kule. Mashini ilitafuta, ikatafuta, mpaka batri ikakwisha. Na siye hapa mujini tulikuwa tunaona kimya, tunasema maji iko chini. Bazee banasema kimya kingi iko na mushindo. Mimi mushindo ilinifikia Siku ya Mungu, Jumapili, saa sita ya muchana. Kwa kijito jua ilikuwa inawaka, kumbe mvua imenyesha kule juu. Binti ya ule mama alikuwa anafua nguo, maji ikashuka mara moja, ikamubeba. Nguo zilionekana siku ile. Yeye bamupata kesho yake.

Bandugu, nawaambia, nilikufa nikiwa natembea. Niliacha kazi, nikanywa sana. Batu ya shirika balisema ni batri. Batri! Nani alimwambia mama apumuzike? Hata leo, mutu akifua nguo mu parseli, kiwanja ya jirani, mimi naingia nyumbani na kufunga mulango.

Bamoja kati yenu mulikuja kwangu, mukakaa tu, hamukunihubiria. Siku ya kuondoka mukaniambia nirudie kule nimuone. Nikaenda. Nilimukuta mu shamba, nikapiga magoti, nikasema yote. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza:

"Ile mashini yako, asubui nani alikuwa anaiita?"

"Hakuna, Mama."

"Siye hapa, mwenye kuchunga shamba nyani basiingie, asubui jirani anamuita. Anaitika: Niko. Asipoitika, tunaenda kumuangalia. Weye uliweka muchungaji mwenye hakuna mutu anamuita."

Nililia pale mbele yake. Halafu nikatengeneza upya. Nilirudia ile 2G ya zamani, nikaijaribu palepale kwa maji, wiki muzima, nikaongeza batri kubwa na kipande ya kushika jua. Sasa kila asubui inatuma neno moja: Niko. Ikikosa, namupigia mama, anashuka na filimbi. Anaivaa mu shingo, hakuna mutu atamuambia tena aitoe.

Aksanti kwenu mulikuja kwangu. Aksanti kwa ule mama, hakunifukuza. Somo yangu ni hii: kitu ijaribu pale itakaa, si kwa meza yako. Na mwenye kunyamaza, umuite, usiseme iko salama.

Kila asubui mama ananipigia, anauliza kama imeitika. Namwambia imeitika. Halafu anabakia kwa telefone, hasemi kitu, na mimi sikati. Tunangoja bote wawili, kama vile kuna mwengine ataitika.