Papa Djafari na Sahani Zilizorudi

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kalemie mjini, mlio Kabimba, Mpala na mwambao wote, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Papa Djafari Ramazani, mshona nyavu wa mtaa wa Kataki. Alifariki Jumatatu, akazikwa jioni ile ile. Ameacha mabinti watatu: Zainabu, Riziki na Sifa. Narudia: Papa Djafari, mshona nyavu, baba wa mabinti watatu.

Mliomfahamu mtacheka kidogo, na chekeni tu. Ni yule mwanaume aliyewasuka binti zake nywele mlangoni kila asubuhi, sindano ya nyavu ameibana mdomoni. Na mafundo yake yalikuwa ya nyavu kweli kweli! Hata mvua haikuyafumua. Mke wake alifariki Sifa akiwa bado anatambaa. Papa akapika, akafua, akabeba bidoni ya maji kichwani katikati ya akina mama. Walipomtania, aliwajibu: "Maji haiulizi kama ni mwanaume njo anaibeba."

Lakini alikuwa mgumu. Marehemu hasemwi vibaya, ila tusimsingizie upole ambao hakuwa nao. Jirani yake, Mama Evodie, Mubembe aliyehamia kutoka Baraka, alimpelekea bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo wiki ya msiba wa mkewe. Sahani ikarudi haijaguswa. Ramadhani ilipofika, yule mama Mkristo akampelekea chakula cha kufuturu. Kikarudi. Mnajua desturi yetu: sahani ya jirani hairudishwi tupu. Lakini kuirudisha na chakula chake mwenyewe? Hilo ni tusi.

"Nilitaka niimwage mbele ya mulango yake," anasema Mama Evodie.

Hakujua kwamba Papa Djafari aliogopa. Pale msibani, mama mdogo wa watoto, Mama Adija wa Kabimba, alimwambia mbele ya watu: "Shemeji, siku nitasikia batoto ya dada yangu banakula kwa watu, nitakuja kubabeba." Tangu hapo, kila sahani aliiona kama shahidi aliyekuja kumnyang'anya wanawe.

Sasa sikilizeni. Miaka sita iliyopita, Ijumaa moja ya mvua, Sifa akashikwa na kipindupindu. Alikuwa na miaka mitano. Alfajiri alianza kutapika. Saa mbili asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani. Papa akambeba mgongoni, mbio, hadi kituo cha matibabu. Serumu, yaani dripu, mkono huu, serumu mkono ule. Na siku hiyo hiyo boti ya Kabimba ilikuwa inamleta Mama Adija. Alikuwa ametuma habari mapema: anakuja kuona watoto wanaishi namna gani.

Zainabu na Riziki walikuwa nyumbani peke yao. Chakula hakuna, moto haujawashwa. Akimwacha Sifa, anaweza kumkuta amekufa. Akibaki, wale wawili watachukuliwa. Akainuka. Akakaa. Akainuka tena.

"Papa, unaenda wapi?" muuguzi akamuuliza.

"Nyumbani, kidogo tu."

"Na huyu mutoto, nani atamunywesha?"

Akakaa. Akashika kikombe, akamnywesha kijiko kwa kijiko, masikio yake yako ziwani. Saa sita honi ya boti ikalia. Akageuka kutazama ziwani, maji yakamwagikia mtoto shingoni. Saa saba ikapita. Saa nane, Mama Adija akasimama kwenye uzio wa kituo.

Papa Djafari akamwendea, yule mtu mgumu, akapiga magoti kwenye tope. "Shemeji, usibabebe. Ni leo tu moto haikuwaka."

"Haikuwaka? Nimekuta masufuria matatu juu ya moto!"

Mama Adija akamweleza. Alikuta akina mama wa mtaa wamejaa uani, hawakuogopa ugonjwa. Nyumba imeoshwa kwa dawa, maji yamechemshwa, Riziki ameogeshwa, Zainabu anakula samaki, migebuka ya ziwani. Aliposema amekuja kuwachukua watoto, Mama Evodie alisimama mlangoni na mwiko wake mkononi: "Hawa batoto beko na baba. Anatushinda hata sisi kulea. Ukitaka kubabeba, anza na mimi."

Mama Adija akamwinua shemeji yake. "Nilikuwa naogopa uko peke yako. Kumbe hauko."

Sifa alipona, wasikilizaji. Siku ya tatu baba yake alimrudisha nyumbani mgongoni, lakini kwake hakuingia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Evodie, akavua viatu, akabaki amesimama. Kisha akasema: "Mama, bukari imebaki?"

"Ilikuwa ya baridi," anakumbuka Mama Evodie. "Nikasema nitapika ingine. Akakataa, akakula ile ile, yote, analia mbele ya batoto yake."

Zainabu, ambaye sasa ni mtu mzima, alituambia jana: "Sisi tulizania Papa hachokake. Siku ile njo tulijua na yeye anachokaka."

Kwenu Zainabu, Riziki na Sifa, kwako Mama Adija, na kwako Mama Evodie, maana nawe umefiwa, poleni sana. Mungu amrehemu Papa Djafari. Nasi tujiulize: ni mara ngapi tumekataa mkono wa mtu, tukasema ni heshima? Na yule mzazi wa nyumba ya pili, anayejibu "tuko salama" kila asubuhi, nani amewahi kumuuliza mara ya pili? Nenda kamuulize leo.