Mikono ya Remei Casadevall

Ndugu waombolezaji, shangazi yetu hakupenda kupambwa, kwa hiyo familia imenituma niyasome maisha yake kama yalivyokuwa.

Remei Casadevall alizaliwa tarehe 3 Machi 1926 mtaani Poble-sec, Barcelona, mtoto wa pili wa mshona nguo na mpakua shehena wa bandarini, akasoma kwa masista hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoifunga shule mwaka 1936, na elimu iliyobaki, kwa maneno yake mwenyewe, aliipata kwenye viti vya nyuma vya sinema.

Tarehe 2 Septemba 1940 aliajiriwa kuosha filamu, na kufikia mwaka 1950 alikuwa mkataji na muungaji wa picha katika studio iliyotengeneza filamu za wahalifu, zile za mvua na makoti marefu, ambamo bodi ya udhibiti ya Madrid iliruhusu mtu auawe mchana kweupe, lakini asibusiwe kwa utulivu.

Ijumaa, tarehe 8 Oktoba 1954, ilifika barua ya bodi kuhusu filamu ya mapenzi ya mtoro anayesakwa na polisi na mwimbaji wa kilabu, ikisema kwamba wawili hao, kwa kuwa hawakufunga ndoa, wageuzwe kaka na dada, jambo lililokuwa rahisi kwa sababu sauti zilitiwa baada ya picha, na filamu irudi Jumatatu, la sivyo ingepigwa marufuku na studio kufungwa. Mwongozaji alimshukuru Mungu, akaagiza sauti zibadilishwe, ndipo Remei akamwuliza, “Bwana mkubwa, kaka na dada, na lile busu lipo palepale? Hapo Padre wa bodi atatuzika sote.”

Basi badala ya sauti likaondolewa busu, kwa matumaini kwamba bodi isipoliona haitauliza tena habari za ndoa, wapenzi wakabaki wapenzi, lakini kuagana kwao kukabaki na pengo, na waigizaji wote wawili walikuwa wamesharudi Madrid, basi Remei akaamua kwamba mwanamke amfunge mtoro vifungo vya shati kabla hajakwenda kujisalimisha, vifungo vinne, polepole, bila uso kuonekana, mikono iwe yake yeye Remei, na kifua kiwe cha Eudald Rovirosa, fundi wa taa, mtu mpole ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hajamwambia zaidi ya habari za asubuhi.

“Kifua ndicho hiki, ila usinicheke,” alisema Eudald.

“Nikicheka mikono itatikisika. Simama, bwana, na uache kupumua kama farasi.”

Walirudia mara tisa, ingawa mpiga picha aliapa hadi kufa kwake kwamba ya pili ilitosha.

Jumatatu Padre wa bodi aliitazama filamu mara mbili, akifuta jasho, akitafuta busu la kukata, asilione, akagonga muhuri, na watu arobaini wakabaki na kazi. Magazeti yalisifu mikono ya yule nyota, naye Remei hakuwahi kusahihisha, alisema mwenzake alihitaji sifa, yeye alikuwa ameshapata mume.

Walifunga ndoa tarehe 16 Aprili 1955 katika parokia ya Santa Madrona, wakajaliwa binti mmoja, Neus, mwaka 1957, wakagombana kila Jumapili juu ya chumvi ya mchuzi, wakaishi pamoja hadi Eudald alipofariki tarehe 5 Novemba 1998.

Shangazi mwenyewe moyo ulianza kumsumbua mwaka 2015, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 14 Januari 2017 saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Neus.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliovumilia maoni yake kuhusu taa zao, majirani wa ghorofa ya tatu walioleta supu bila kuulizwa, na wafanyakazi wenzake waliosalia, ambao ni wawili na wote wako hapa. Atazikwa katika makaburi ya Montjuïc kando ya Eudald, na safari hii hakuna bodi itakayouliza wamekaa karibu kiasi gani. Pumzika kwa amani, shangazi, bila haraka.